Arkham House: Shirika Dogo la Uchapishaji na Ulinzi wa Hadithi za Ajabu

0. Utangulizi

Historia ya fasihi huandikwa kwa kawaida kama historia ya watunzi na vitabu vyao. Mchapishaji hutajwa chini ya jalada, pamoja na mji na mwaka, kisha husahauliwa. Hata hivyo viko vitabu ambavyo visingekuwapo kama mtu mmoja asiye na mali asingeamua kuvitoa kwa fedha zake mwenyewe. Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa jambo hilo, yaani Arkham House, shirika lililoanzishwa mwaka 1939 katika mji mdogo wa Sauk City, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, kwa ajili ya hadithi za ajabu: zile zinazosimulia mizuka, miungu ya kubuniwa na malimwengu yasiyoonekana. Maswali mawili yanaongoza uchunguzi huu. Ni nani anayelinda maandiko ambayo soko haliyataki? Na mlinzi huyo ana mamlaka gani juu ya kile anachokilinda?

1. Mtunzi wa kurasa za kutupwa

Tarehe 15 Machi 1937, Howard Phillips Lovecraft alifariki mjini Providence akiwa na umri wa miaka 46. Sehemu kubwa ya hadithi zake ilikuwa imetoka katika majarida ya bei nafuu, hasa Weird Tales, lililoanzishwa mwaka 1923. Majarida hayo yalipigwa chapa juu ya karatasi duni ambayo hugeuka manjano na kuvunjikavunjika baada ya miaka michache. Msomaji alinunua, akasoma, akatupa. Katika uhai wake Lovecraft aliona kitabu kimoja tu cha hadithi yake kikitolewa, The Shadow over Innsmouth, mwaka 1936. Kilijaa makosa ya chapa, na nakala zilizojalidiwa zilikuwa takriban 200.

Vijana wawili waliokuwa wakiandikiana naye barua, August Derleth, aliyezaliwa mwaka 1909, na Donald Wandrei, aliyezaliwa mwaka 1908, waliona kwamba kazi hiyo yote ingepotea pamoja na karatasi zake. Wote wawili walikuwa waandishi wa jarida lile lile. Derleth hakuwahi kuonana na marehemu uso kwa uso. Urafiki wao ulikuwa wa barua tupu. Walikusanya hadithi, wakazipanga kuwa mswada mmoja mkubwa, wakaupeleka kwa Scribner's, mchapishaji wa riwaya za Derleth mwenyewe. Ukakataliwa. Wakaupeleka kwa Simon & Schuster; huko nako ukakataliwa. Kwa wafanyabiashara hao, kitabu kinene cha mtu aliyekufa bila jina kubwa hakikuwa na wanunuzi.

2. Hesabu za kitabu cha kwanza

Hapo ndipo wawili hao walipoamua kuwa wachapishaji wenyewe. Jina walilitwaa katika hadithi za marehemu, kwa kuwa Arkham ni mji aliouvumbua yeye. Fedha zilitoka mahali pasipotazamiwa: Derleth alikuwa akijenga nyumba yake Sauk City kwa mkopo wa benki, na sehemu ya mkopo huo ikaenda kumlipa mpiga chapa, kampuni ya George Banta ya mjini Menasha.

Kitabu, The Outsider and Others, kilitoka mwaka 1939 chenye kurasa zaidi ya 550. Nakala zilikuwa 1,268. Bei ilikuwa dola 5, na aliyelipa kabla ya kitabu kutoka alitozwa dola 3.50. Ili kuipima bei hiyo, yafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo vitabu vya mfukoni vilianza kuuzwa Marekani kwa senti 25. Kwa hiyo msomaji wa Arkham House alitakiwa kutoa mara ishirini ya fedha hizo. Walioagiza mapema walikuwa 150 tu, yaani mapato yapatayo dola 525. Nakala zote zilimalizika baada ya miaka minne hivi.

Kwa mizani ya biashara, huko kulikuwa kushindwa. Lakini shirika halikufungwa. Mwaka 1941 lilitoa Someone in the Dark, mkusanyo wa Derleth mwenyewe. Mwaka 1942 Out of Space and Time cha Clark Ashton Smith. Na mwaka 1943 mkusanyo wa pili wa Lovecraft, Beyond the Wall of Sleep, nakala 1,217. Wandrei aliingia jeshini mwaka 1942, na tangu hapo mzigo wa kila siku ukamwangukia Derleth.

Utaratibu aliouweka ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Kwanza, kuchapa nakala chache, elfu moja hadi elfu chache. Pili, kutotegemea maduka, bali kuwauzia kwa njia ya posta wasomaji ambao majina na anwani zao zinajulikana. Tatu, na hili ndilo la msingi, kutolifanya shirika kuwa chanzo cha riziki: Derleth aliishi kwa riwaya na makala alizoandikia wengine, na kila shirika lilipopungukiwa alijaza pengo kwa jasho la kalamu yake.

3. Waliopita mlangoni

Kwa njia hiyo Arkham House ilikuwa mlango wa waandishi wengi. Mwaka 1946 ilichapa hadithi za Robert E. Howard, aliyefariki mwaka 1936. Mwaka 1947 ilitoa kitabu cha kwanza cha Fritz Leiber, na pia kitabu cha kwanza cha Ray Bradbury, Dark Carnival. Mwaka 1964 ilitoa kitabu cha kwanza cha Mwingereza Ramsey Campbell, kijana wa miaka 18.

Wengine wakaiga. Fantasy Press ilianza mwaka 1946 katika jimbo la Pennsylvania, na Gnome Press mwaka 1948 mjini New York. Baadaye, wachapishaji wakubwa walipotambua kwamba wasomaji wa fasihi hii wapo, waliingia uwanjani na mitaji yao wakawachukua watunzi. Fantasy Press na Gnome Press hazikustahimili ushindani huo. Aliyefyeka msitu siye aliyevuna. Arkham House ilibaki kwa sababu mwenye nayo hakuwa ametarajia kuvuna.

4. Mlinzi na mamlaka yake

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuimaliza historia hii kwa sifa. Lovecraft alikuwa ameacha maagizo kwamba msimamizi wa maandiko yake awe kijana Robert Barlow. Alichofanya Barlow ni kuikabidhi miswada kwa maktaba ya John Hay ya Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence. Baadaye alihamia Mexico, akawa mtaalamu wa lugha ya Nahuatl, akafariki huko mwaka 1951. Derleth, kwa upande wake, alitenda kwa miaka mingi kama kwamba haki zote za maandiko hayo zilikuwa za shirika lake, ingawa watafiti wa baadaye wametilia shaka msingi wa madai hayo.

Alikwenda mbali zaidi. Alichukua vipande na madokezo ya marehemu, akaviendeleza mwenyewe, akatoa matokeo kwa majina mawili. Katika The Lurker at the Threshold, riwaya ya mwaka 1945, maneno ya Lovecraft ni sehemu ndogo sana. Aidha, aliieleza miungu ya hadithi zile kuwa makundi mawili yanayopigana, la wema na la uovu, ilhali Lovecraft, ambaye hakuwa na dini, alikuwa amechora ulimwengu usiojali kama binadamu yupo au hayupo.

Hata maneno yenyewe hayakusalimika. Nakala za Arkham House zilifuata mara nyingi matini za majarida pamoja na makosa yake. Mwaka 1936 jarida la Astounding Stories lilikuwa limeikatakata At the Mountains of Madness, na athari za ukataji huo ziliingia vitabuni. Bradbury, aliyekuwa hai, aliweza kuzirekebisha baadhi ya hadithi zake kabla ya kuzitoa tena mwaka 1955 katika The October Country. Marehemu hana nafasi hiyo. Ni miswada ya Providence iliyomsemea: mtafiti S. T. Joshi aliilinganisha na matini zilizochapwa, na kati ya mwaka 1984 na 1986 Arkham House yenyewe ikatoa matoleo matatu yaliyosahihishwa. Derleth alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 4 Julai 1971. Mwaka 2005 hadithi za Lovecraft ziliingizwa katika mfululizo wa Library of America, unaohifadhi fasihi bora ya nchi hiyo.

Kwa hiyo walinzi walikuwa wawili. Derleth aliyaokoa maandiko yasisahauliwe. Barlow aliyaokoa yasipotoshwe. Bila wa kwanza hakuna ambaye angejali miswada ya maktaba. Bila wa pili hakuna ambaye angejua kipi ni cha mtunzi na kipi ni cha mchapishaji.

5. Mfano wa karibu

Suala hili si la Wisconsin peke yake. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, André Yav alitunga kwa Kiswahili cha mji huo Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji kama ilivyokumbukwa na watumishi wa nyumbani walioitwa « boyi ». Andiko hilo si hadithi ya kubuni, lakini hali yake ilikuwa ile ile: lilipigwa taipu na kurudufiwa, nje ya matbaa kubwa. Lilipotolewa kama kitabu mwaka 1990, Johannes Fabian hakulisafisha ili lifanane na Kiswahili sanifu. Tahajia ya asili ilichapwa kama ilivyo, na pembeni yake usomaji wa Kalundi Mango pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Msomaji anaona mkono wa mtunzi na mkono wa mhariri, kila mmoja mahali pake.

6. Hitimisho

Historia ya Arkham House inaonyesha kwamba shirika dogo laweza kufanya kile ambacho kubwa hukataa, iwapo idadi ya nakala ni ya kiasi, wasomaji wanajulikana kwa majina, na mwenye shirika ana riziki nyingine. Inaonyesha pia kwamba upendo kwa maandiko hautoshi kuyalinda, maana anayeyapenda sana ndiye huyo huyo anayeshawishika kuyaongezea. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mchapishaji wa hadithi, daftari hilo ni mswada wa asili, uliowekwa katika maktaba iliyo wazi, mbali na mkono wake mwenyewe.