Dhima ya wenye ndiva

Dhima ya wenye ndiva ni wajibu wa kisheria wa kikundi chenye ndiva kufidia hasara ambayo maji yake yameleta kwenye nyumba ya mtu. Ndiva ni bwawa dogo la Wapare, aghalabu la ukoo, katika milima ya Same na Mwanga: maji ya kijito hukusanywa usiku, na asubuhi tundu la ukutani huzibuliwa yateremke mashambani kwa mfereji. Ndiva ya Manoo, Bangalala, ni mfano mmojawapo. Ukarabati hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Asiyefika hutozwa faini.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Kuhusu fidia, sheria ya kawaida ya Uingereza, iliyopokewa Tanganyika kwa kadiri mazingira ya wenyeji yanavyoruhusu, ina kanuni ya Rylands v Fletcher (1868), kesi iliyotokana na bwawa pia: anayelimbika maji hulipa yakitoroka na kudhuru, hata bila uzembe. Utetezi ni pamoja na kudra ya Mungu, kitendo cha mtu baki, na manufaa ya pamoja. Huu wa mwisho ndio mzito milimani, kwani mwenye nyumba iliyobomoka huenda humwagilia shamba lake kwa maji hayohayo.