Pa Kutokea Hari: Tarehe ya Boneti Zenye Matundu

Tangu mafundi wa kwanza walipoifunika injini ya gari la mbio kwa bati, wamekuwa wakitumikia haja mbili zisizopatana: kuisitiri injini isidhuriwe na vumbi, mvua na kokoto, na kuiachia nafasi ya kutosha ili hari inayozaliwa ndani yake ipate pa kutokea. Aghalabu macho ya watu huelekea mbele ya gari, kwenye wavu unaopokea upepo wa rejeta, na dhana yao ni kwamba upepo ukishaingia kazi imekwisha. Lakini hewa iliyopita katika rejeta na kubeba moto wake haina budi kuondoka, na isipopata njia hujazana nyuma ya rejeta, ikaizuia ile inayofuata isiingie, hata injini ikachemka ilhali mdomo wa gari u wazi kabisa. Kwa sababu hiyo naona kwamba tarehe ya boneti zenye matundu, ambayo wengi huihesabu kuwa tarehe ya mapambo, kwa hakika ni tarehe ya watu waliojifunza, kwa gharama na kwa miaka mingi, mahali ambapo hewa hukubali kutokea.

Magari ya zama za kwanza hayakuhitaji elimu kubwa katika jambo hili. Bentley zilizoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka wa 1924 na tena kila mwaka tangu 1927 hadi 1930, zilikuwa na boneti ndefu iliyokazwa kwa mkanda wa ngozi, na ubavuni mwake mlikuwa na safu za mipasuo iliyoinuliwa kidogo kama matamvua ya samaki. Rejeta ilisimama wima mbele, upepo ukaipenya, ukaizunguka injini, kisha ukatoka ubavuni na chini ya gari, wala hapakuwa na haja ya kutoboa bati la juu.

Watu walioigeuza mipasuo hiyo kuwa kazi ya kujitegemea, yenye mafundi wake na wateja wake, walikuwa vijana wa kusini mwa California, Marekani. Mwaka wa 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na vijana wenye fedha haba na shauku kubwa ya kasi wakalipokea kwa mikono miwili. Wakalivua madigadi na kila kitu kisichokuwa cha lazima, wakalipeleka Muroc, ziwa lililokauka ambalo sakafu yake ya udongo ni ngumu na tambarare, wakashindana huko. Mwaka wa 1937 vilabu vyao viliungana katika chama kimoja, na mwaka wa 1949 chama hicho kikaanza mashindano yake katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Injini ile waliyoipenda ilikuwa na ila moja mashuhuri: njia za moshi zilipita ndani ya kiwiliwili chenyewe cha injini, baina ya silinda, kabla ya kufika nje, na kwa hiyo maji ya rejeta yalibebeshwa moto ambao katika injini nyingine huondoka moja kwa moja pamoja na moshi. Kuongeza nguvu za injini ya namna hiyo kulikuwa ni kuongeza hari yake, na boneti iliyopasuliwa safu kwa safu, juu na ubavuni, ikawa mojawapo ya tiba zilizotumiwa.

Zana ya kazi hiyo ni sahali kuieleza lakini ni ngumu kuimiliki. Bati huwekwa baina ya kalibu mbili za chuma, moja ikiwa na ukingo mkali. Pigo moja hulikata bati upande mmoja na papo hapo hulisukuma juu, likafanya ulimi uliofunguka kwa nyuma, pasipo kuondoa hata kipande kimoja cha chuma. Kila mpasuo una pigo lake, na fundi hana budi kusogeza boneti nzima kwa kipimo kilekile kabla ya pigo linalofuata, kwa maana ulimi mmoja ukikaa kombo huiharibu safu yote, nayo haifichiki kwa rangi wala kwa msasa. Watu hao hawakuwa na vyumba vya kupimia upepo, walakini waliufungua mpasuo upande ulio sahihi: upepo unaokimbia juu ya ulimi unaotazama nyuma huivuta hewa ya ndani itoke, na matone ya mvua mengi huteleza juu ya mgongo wake. Namheshimu sana fundi aliyeipata hakika hiyo kwa mkono wake kabla ya vitabu kumfikia.

Swali lililobaki lilikuwa juu ya mahali, na hapo ndipo wengi walipopotea, na hata leo wanapotea. Gari linapokwenda kasi upepo hupanda puani, hukata kona ya mwanzo wa boneti na kuongeza mwendo, na hapo shinikizo la hewa hupungua. Ukisonga mbele hupambana na kioo, hupunguza mwendo, na shinikizo hupanda katika pembe ile ambapo boneti hukutana na kioo. Tundu lililo katika theluthi ya mbele ya boneti hunyonya hewa moto kutoka ndani. Tundu lililo chini ya kioo huingiza hewa ndani. Kampuni ya Chevrolet iliijua siri hiyo, ikaitumia kwa kusudi lililo kinyume: boneti ya Camaro ya mwaka wa 1969 ilikuwa na mwinuko uliofunguka nyuma, mbele ya kioo, ili injini ivute humo hewa baridi ya kupumua. Na bado wapo wanaoweka vipande vya chuma chini ya bawaba za boneti, wakainyanyua kwa nyuma, wakidhani wameifungulia hari njia. Gari likisimama au likijikokota katika msongamano, hari hupanda na kutoka, nao hufurahi kuiona. Gari likishika kasi, njia hiyohiyo huingiza upepo unaokwenda kupambana na ule uliopita katika rejeta, na taabu waliyoikimbia huwazidia.

Aliyeionyesha dunia njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni Peter Brock, kijana aliyekuwa katika karakana ya Carroll Shelby, mjenzi wa magari ya mbio. Gari la karakana hiyo, Cobra, lilikuwa na injini yenye nguvu za kutosha, lakini mwili wake wa wazi ulizuiwa na upepo katika barabara ndefu ya Le Mans, na Ferrari 250 GTO, iliyofunikwa vyema, ikaliacha nyuma. Brock alichora mwili mpya, nao ndio Daytona Coupe ya mwaka wa 1964, ambayo hewa ya rejeta yake ilitolewa juu, kupitia tundu pana la boneti, badala ya kuachwa ijazane kuizunguka injini. Mwaka huohuo Dan Gurney na Bob Bondurant wakaliendesha Le Mans, wakawa wa nne katika magari yote na wa kwanza katika daraja lao. Ford GT40, iliyoshinda huko tangu 1966 hadi 1969, ilikuwa na injini nyuma ya dereva na rejeta mbele, na hewa yake ilitoka kwa matundu mawili ya juu ya pua. Fauka ya kupoza, hewa inayotolewa juu haibaki chini ya boneti ikiinyanyua pua ya gari, na tairi za mbele hushika barabara vizuri zaidi. Gurney yuleyule, mwaka wa 1971, alisimamisha ukingo mwembamba wa bati nyuma ya bawa la gari lake la mbio. Mafundi wa leo huweka ukingo wa namna hiyo mbele ya tundu la boneti, na mvuto wa hewa ukaongezeka.

Katika Japani haja ya kuitolea hewa moto juu ilidhihirika zaidi kwa Mazda RX-7 ya umbo la mwisho, iliyotengenezwa hadi mwaka wa 2002. Injini yake haina pistoni; ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, moshi wake ni wa moto mkali, na tabo mbili, yaani mashine zinazoishindilia injini hewa kwa nguvu ya moshi, zimebanwa katika nafasi finyu. Injini hiyo ikizidiwa na joto huharibika sili zake, na kuifungua ni gharama nzito. Kwa hiyo watengenezaji wa vipuri vya ziada, kama RE Amemiya, walitoa boneti zenye matundu, na wamiliki wakabuni kuilaza rejeta na kipoza hewa cha tabo kwa umbo la V, ambapo hewa hutoka moja kwa moja kwa juu. Katika mpango huo boneti isiyo na tundu haifai kitu.

Kwetu Afrika ya Mashariki, mdomo wa boneti unaojulikana kuliko yote ni ule wa Subaru Impreza, gari ambalo Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka wa 1997. Mdomo huo huingiza upepo kwa ajili ya kipoza hewa cha tabo kilicholala juu ya injini. Hautoi hari, na anayeuiga juu ya gari lisilokuwa na kipoza mahali hapo huongeza hewa katika nafasi iliyokwisha kujaa.

Basi anayenunua boneti isiyotoka kiwandani, iwe ya alumini, ya faiba au ya kaboni, kwanza aigeuze aitazame kwa chini, kwani nyingine zina matundu ya sura tu, yaliyozibwa. Abandike nyuzi za sufi juu ya boneti ya zamani, rafiki atazame kutoka gari la pembeni jinsi zinavyolala. Aangalie ni kitu gani kilicho chini ya tundu, maana mvua itaangukia hapo gari likiegeshwa, na kama ni mahali pa umeme atengeneze kinga ya maji. Boneti nyepesi aikaze kwa pini mbele, kwa kuwa upepo huikunja na kufuli la kiwandani halitoshi. Na apime joto la maji na la mafuta katika barabara ileile, kwa mwendo uleule, kabla na baada. Akiona hakuna tofauti, asiilaumu boneti mpaka azizibe kwanza nafasi zilizo kandokando ya rejeta, ambazo upepo huzipitia bila ya kuigusa.