Njia za Naivasha na Vipimo vya Wapagazi

Mtembezi hula miguu yake, walinena wahenga. Kwa miaka mingi niliuchukua msemo huo kuwa ni karipio kwa mzururaji, kwani sisi watu wa visiwani hatuna ada ya kutembea pasipo haja. Mtu hutembea kwenda msikitini, sokoni, mazikoni au kwa jamaa zake, kisha hurudi kwake. Kutembea kwa ajili ya kutembea ni jambo nililojifunza ukubwani, tena mbali na bahari, katika kambi ya mahema iliyo kando ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, nilikopelekwa na mpwa wangu aishiye Nairobi.

Kambi za pande zile zimekaa kusini mwa ziwa, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Usiku viboko hutoka majini kuja kula majani, na mgeni huonywa asitoke hemani mwake ovyo. Asubuhi ya kwanza mpwa wangu alinipa karatasi ambamo matembezi ya jirani yalikuwa yamegawanywa mafungu matatu: mepesi, ya wastani na magumu.

"Chagua, mjomba," aliniambia. "Yako ya wazee na yako ya vijana."

Nilicheka, nikayachagua yote matatu, kila fungu na siku yake. Miguu yangu ilirejea salama, lakini swali moja limeniganda tangu siku ile, nalo ndilo linalonifanya nishike kalamu: njia hizi zilipimwa na nani kwanza, na kwa kipimo gani?

Hebu kwanza nimweleze msomaji mahali penyewe. Naivasha ni ziwa la maji matamu lililo ndani ya Bonde la Ufa, kiasi cha meta 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hakuna ziwa la Bonde la Ufa la Kenya lililo juu kulishinda. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, lenye maana ya maji yachafukayo. Na kweli, alasiri upepo ukivuma ziwa lile huumuka mawimbi ambayo nahodha wa dau asingeyadharau. Mwenye miguu dhaifu hutembea katika Crescent, rasi iliyopinda mfano wa mwezi mchanga, kati ya twiga na pundamilia wasiomdhuru mtu. Mwenye nguvu za kadiri huingia Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1984, ambamo mgeni huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Humo barabara ni tambarare kati ya majabali mekundu, kisha huteremka kwenye korongo jembamba la Ol Njorowa. Mwenye kifua huuendea mlima Longonot, volkano iliyolala, yenye kimo cha meta 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 hivi za kupanda, na kuuzunguka ukingo wenyewe ni kilomita 7.2 za kupanda na kushuka.

Huo ndio upimaji wa leo: mwinuko na umbali. Karatasi niliyopewa haikuwa na zaidi ya hayo.

Mlangoni mwa Hell's Gate pana nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake, urefu wake kiasi cha meta 25. Wamaasai husimulia kuwa ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka nyuma kuwatazama wa kwao ilhali amekatazwa, akawa jiwe. Ramani huiita Fischer's Tower, mnara wa Fischer. Gustav Fischer alikuwa tabibu Mjerumani aliyepata kuishi na kutibu watu hapa Unguja. Mwishoni mwa mwaka 1882 aliondoka Pangani na msafara, akafika Naivasha mwaka 1883, akarudi bila ya kuendelea mbele kwa sababu ya uhasama wa Wamaasai. Mwaka huohuo alifuata Joseph Thomson, Mskoti kijana, ambaye alipita Naivasha, akaupanda Longonot, kisha akafika Ziwa Nyanza mwezi Desemba. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1885 Ulaya nzima ikajua habari za nchi ya Wamaasai.

Lakini Fischer hakuja Naivasha kwa kubahatisha, wala Thomson. Walipita njia zilizokwisha kanyagwa na misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu, na misafara hiyo nayo ilipita njia za Wamaasai na ng'ombe wao. Thomson alifuatana na Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, ambaye miaka michache baadaye aliongozana pia na Count Teleki hadi ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa Manwa Sera, aliyekwisha kulivuka bara zima pamoja na Stanley. Wapagazi wengi aliwaajiri hapa Unguja, na katika kitabu chake hakuona haya kuwaita makapi ya mji huu. Makapi hayo ndiyo yaliyombebea vitu vyake vyote hadi Nyanza.

Na kabla ya hao wote alikuwapo Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, katika nchi ya Wadigo. Huyu alikuwa amekwenda bara mara nyingi na misafara. Alikaa na Thomas Wakefield, mmishonari wa Ribe karibu na Mombasa, akamsimulia njia zote alizozijua kutoka pwani kupitia Umaasai hadi Nyanza: kituo baada ya kituo, siku baada ya siku. Wakefield aliandika, na mwaka 1870 masimulizi hayo yakachapishwa London katika jarida la chama cha wanajiografia, jina la Sadi likiwa limo katika kichwa cha makala yenyewe. Ni heshima ambayo wachache miongoni mwa wenzake waliipata. Sisi wapenzi wa ushairi tunajua ni kazi gani kuhifadhi kichwani utenzi wa beti mia kadhaa. Sadi alihifadhi nchi. Kila kituo kwake kilikuwa kama ubeti, na ubeti mmoja ukisahauliwa, watu hufa kwa kiu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa upimaji wa kale. Wapagazi hawakuipima njia kwa meta za mwinuko. Ukiyachunguza maneno waliyotuachia utaona walikuwa na vipimo vitatu: maji, mzigo na ruhusa.

Tuanze na maji. Lipo neno la misafara ambalo siku hizi ni wachache walitamkao: kuterekeza. Maana yake ni kuondoka kituoni baada ya adhuhuri, kutembea hadi jioni, kulala mahali pasipo maji, na kuyafikia maji siku ya pili. Kirongozi wa msafara aliyesema "leo twaterekeza" alikuwa amekwisha kuipima njia kwa neno moja, na kila mpagazi alijua ajaze kibuyu chake namna gani. Barabara tambarare isiyo maji ilikuwa ngumu kuliko kilima chenye chemchemi.

Naam, na maji yakizidi pia ni kipimo. Korongo la Ol Njorowa karatasi yangu ililiita la wastani, na kwa miguu ndivyo lilivyo. Lakini mwezi Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta humo vijana waliokwenda matembezini na kanisa lao, wakafa watu saba; na mwezi Septemba 2019 yakaua watu saba wengine. Mvua hunyesha mbali, juu ya vilima, na aliyeko korongoni huona mbingu ya buluu juu ya kichwa chake mpaka maji yamfikie. Njia ya namna hiyo haipimiki kwa kutazama chini peke yake. Humpasa mtu amwulize mwenyeji, na akikatazwa akatazike.

Kipimo cha pili ni mzigo. Longonot niliupanda na chupa ya maji na mkate, na bado nilipumzika mara tano kabla ya kufika ukingoni. Nilipofika nikaona kreta imejaa msitu, miti ikionekana toka juu kama mwani uliofunikwa na maji kupwa. Thomson aliposimama ukingoni pale aliandika kuwa kina kile kilimshika moyo hata akahisi kutaka kujitupa. Mimi sikutaka kujitupa. Nilitaka kukaa chini. Nikiwa nimekaa nikayakumbuka mahesabu ya misafara: mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, juu ya kichwa au begani, mbali na chakula chake, mkeka wake na silaha yake. Naye hakubeba kwa siku moja akarudi kambini kunywa chai. Alibeba kwa miezi. Chakula chake cha kila siku kiliitwa posho. Leo neno hilo ni fedha apewayo mjumbe kwa kuhudhuria mkutano, akiwa ameketi kitini.

Cha tatu ni ruhusa, na hapa kalamu yangu inakuwa nzito.

Msafara uliopita nchi ya watu ulitoa hongo. Neno hilo sasa limechafuka, ni rushwa. Lakini zamani hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, nguo na ushanga na nyaya za shaba alizopewa kwa hadhara ili akubali mgeni apite, anywe maji yake na akate kuni zake. Hongo ilikuwa ni kukiri kuwa njia ina wenyewe.

Ukisimama ukingoni mwa Longonot ukatazama upande wa kusini na mashariki, utaliona bonde la Kedong. Mwezi Novemba 1895 msafara wa zaidi ya watu elfu moja, wengi wao Wakikuyu na wengine Waswahili, ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulikopeleka mizigo ya serikali ya Kiingereza. Humo bondeni Wamaasai waliushambulia, wakaua mamia. Mfanyabiashara mmoja Mzungu, Andrew Dick, alikwenda kulipiza kisasi, naye akauawa. Uchunguzi wa serikali yenyewe ulionyesha kuwa msafara ndio ulioanza uchokozi, kwa kuwadhulumu wanawake wa Kimaasai.

Ningeweza kuiruka habari hii. Makala ya kuwasifu wapagazi wetu ingekuwa laini zaidi bila yake. Lakini nimechoshwa na historia za pwani ambamo sisi daima ni mabaharia, mashekhe na watunzi, na dhulma zote ni za wengine. Wahenga walimwonea huruma msafiri wakasema msafiri kafiri, kwa kuwa safari humlazimisha aache mengi ya ada zake. Msemo huo haukumpa ruhusa ya kuvunja heshima ya mji wa watu. Waliokufa Kedong walikuwa watoto wa watu, na wengi wao bila shaka hawakumgusa yeyote. Hata hivyo walikufa kwa sababu wenzao waliisahau hongo iliyo kubwa kuliko ushanga, yaani adabu.

Wala wenye nchi hawakudumu nayo. Mwezi Agosti 1904, Naivasha hapohapo, Waingereza waliandikiana na viongozi wa Wamaasai mkataba uliowahamisha kutoka mabonde yale, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, ili walowezi wapate mashamba. Reli ilikuwa imekwisha kupita, na mpagazi hakuhitajika tena. Kwa hiyo katika muda wa miaka isiyozidi ishirini na mitano, njia zile ziliwapoteza wote wawili: aliyezipita kwa mzigo na aliyekuwa akimpa ruhusa. Lililobaki ni jina la tabibu juu ya mwamba.

Simwonei Fischer choyo ya mwamba wake. Lakini jioni ya siku ya tatu, tulipokuwa tumekaa mbele ya hema tukiwasikiliza viboko, nilimwuliza mpwa wangu kama amepata kulisikia jina la Sadi bin Ahedi. Hakulisikia. Nikamweleza niliyoyaeleza hapa, pamoja na ya Kedong. Akanyamaza kitambo, kisha akaichukua ile karatasi ya matembezi, akaigeuza upande usioandikwa, akanipa kalamu.

"Basi niandikie, mjomba," akasema. "Vituo vyake, kimoja kimoja."

Sikuweza. Nilikuwa na machache ya kuandika. Katika nyumba za Unguja, Pangani, Tanga, Mombasa na Gazi huenda bado wako wazee waliosimuliwa na babu zao majina ya vituo, ya mito na ya visima vya bara. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani na amkalie kitako, amsikilize, ayaandike, na asifute yale yenye kutuaibisha.