Wachoraji wa Vitabu wa Herat na Tabriz

Mabingwa wa taswira ndogo za Uajemi hawakufanya kazi ya kutundikwa ukutani. Taswira zao zilikaa ndani ya vitabu, na kila kitabu kilipitia mikono mingi: fundi wa karatasi aliyeisugua kwa jiwe la akiki hata ikang'aa, khattati aliyeandika matini na kuacha nafasi ya picha, msaga rangi aliyeliponda jiwe la buluu la Badakhshan, mchoraji mwenye brashi ya manyoya ya kindi, na mwisho mtia dhahabu na mjalidi. Wote hao walikusanyika katika karakana ya mfalme iliyoitwa kitabkhana, wakila riziki yake. Kwa hiyo neema yao na dhiki yao zilifuata majaliwa ya bwana wao.

Huko Herat, katika zama za Sultani Husayn Bayqara na mwandani wake, mshairi Mir Ali Shir Nava'i, ndiko alikovuma Behzad, yatima aliyelelewa na mchoraji Mirak. Katika nakala ya Bustan ya Saadi ya mwaka 1488, ambayo sasa imehifadhiwa Cairo, alimchora Nabii Yusuf akimkimbia Zuleikha katika kasri lililojaa ngazi, roshani na milango iliyofungwa, hata jicho la mtazamaji nalo huhangaika kutafuta pa kutokea.

Herat ilipoangukia mikononi mwa Wauzbeki mwaka 1507, kisha ikatwaliwa na Shah Ismail wa Uajemi mwaka 1510, fani ile haikuzikwa pamoja na dola iliyoilea. Behzad alihamia Tabriz, akakabidhiwa kitabkhana ya Shah mwaka 1522. Na katika enzi ya mwanawe, Shah Tahmasp, mchoraji Sultan Muhammad na wenzake wakaipamba nakala ya Shahnama, utenzi wa wafalme wa Uajemi, kwa taswira 258. Lakini Tahmasp, kadiri ucha Mungu ulivyomzidi, aliipa kisogo sanaa aliyokuwa ameipenda ujanani. Wachoraji Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad wakamfuata Humayun, mfalme wa Kimughali, wakafika Kabul mwaka 1549, na kutoka hapo wakaweka msingi wa karakana ya wafalme wa Kimughali wa India. Nayo Shahnama yenyewe ilipelekwa mwaka 1568 kuwa hidaya kwa Sultani Selim wa Pili wa Uturuki.

Hivyo mapenzi ya wafalme ndiyo yaliyowakusanya mabingwa hao mahali pamoja wakafunzana. Lakini kuenea kwa ujuzi wao hadi India kulitokana zaidi na mfalme aliyechoka nao.