Sahani moja, mikono mingi: restora za Waetiopia na desturi yetu ya kula pamoja

Wafanyabiashara wa Bunia wanaijua vizuri kartie ya Kabalagala, kule Kampala. Wanapokwenda kununua mali, wakipitia Mahagi na Goli, ama wakivuka Ziwa Albert kutoka Kasenyi, wengi wanaonja restora za Waetiopia na Waeritrea zilizo huko. Wanarudi wakisimulia kwa kicheko: tulikuwa watu watatu, tuliagiza chakula, wakatuletea sahani moja! Insha hii inataka kuonyesha kwamba jambo hilo la kuchekesha lina historia, na kwamba historia hiyo inatugusa siye watu wa Ituri kuliko tunavyofikiri.

Kwanza tueleze chakula chenyewe. Restora nyingi za namna hii si za wakubwa. Mutu wa mfuko mudogo anaingia, anashiba, na pesa ya kurudi nyumbani inabaki. Chini ya kila kitu kuko injera, mkate mpana na laini kama kitambaa, unaotengenezwa kwa unga wa teff. Teff ni nafaka ndogo sana, jamaa ya ulezi wetu. Unga unachanganywa na maji, unaachwa siku mbili ama tatu mpaka uchachuke, halafu unamiminwa juu ya chuma au kigae cha moto. Unaiva upande mmoja tu, na juu yake yanatokea matundu mengi wanayoyaita macho. Juu ya injera wanaweka michuzi: dengu, shiro ya unga wa nafaka za jamii ya kunde, mboga za majani, kuku na yai, nyama iliyokaangwa, pamoja na pilipili yao ya berbere. Siku ya tatu na ya tano ya juma, yaani mercredi na vendredi, Wakristo wa Kanisa la Orthodox wanafunga nyama na maziwa. Kwa hiyo kuko sahani ya mboga tupu inayoitwa beyaynetu, ambayo ni ya bei nafuu na inapendwa hata na wasiofunga.

Hakuna kijiko. Unakata kipande cha injera kwa mkono wa kuume, unashika nacho mchuzi. Mkate ni chakula, ni sahani, ni kijiko pia. Na kuko desturi ya gursha: mutu anafunga tonge zuri na kumtilia mwenzake kinywani. Kukataa ni haya. Mwishoni inakuja kahawa, iliyokaangwa na kutwangwa papo hapo, inayonywewa mara tatu. Kikombe cha tatu kinaitwa baraka, neno ambalo hatuhitaji kutafsiriwa. Tufikiri kidogo hapo: kahawa asili yake ni kwao, na siye tunailima katika milima ya Mahagi na Djugu, lakini sehemu kubwa tunaiuza na kunywa chai.

Je, watu wetu na Waetiopia walikutana kwanza Kabalagala? Hapana. Mwaka 1941, wakati wa vita ya pili ya dunia, askari wa Force Publique pamoja na wapagazi wao walipita Aba na Juba kwenda kupigana na Waitalia katika Abisinia. Walishika Asosa na Gambela mwezi wa 3, na mwezi wa 7 Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao kule Saio. Tunafundisha ushindi huo kalasini, lakini mara chache tunasema habari ya sufuria. Wakati wa mvua njia zilikatika, chakula kikapunguka, na ugonjwa wa beriberi na wa kuhara ukawaua watu, zaidi wapagazi. Hata leo Kinshasa kuko avenue Saio na avenue Assossa, na soko la Gambela: wamama wanauza mboga chini ya jina la vita bila kujua. Halafu mwaka 1960 Waetiopia walirudisha safari. Askari wao walikuja na Umoja wa Mataifa hata Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, makao makuu ya jimbo letu la zamani.

Waetiopia waliofungua restora katika miji ya Afrika ya Mashariki walikuja kwa njia nyingine. Mfalme Haile Selassie aliangushwa mwaka 1974, utawala wa Derg ukatesa watu mpaka mwaka 1991, na vita ya Eritrea pia ilisukuma wengi nje. Mkimbizi hana shamba wala karatasi za kazi, lakini mama anajua kupika. Hapo ndipo sahani ya nyumbani ikawa biashara. Walibadilisha inchi, hawakubadilisha namna ya kula.

Na siye? Wazee wetu, wawe Wahema, Walendu, Waalur, Wabira ama wengine, walikula katika chombo kimoja. Sheria zilikuwa wazi: nawa mikono, mkubwa aanze, kula upande wako, usiguse nyama mpaka igawanywe. Mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya mgeni. Hiyo haikuwa adabu tu. Katika inchi ambamo watu wanaogopa sumu, sahani moja ilikuwa ushuhuda: sikutilii kitu kibaya mahali ninapotia mkono wangu.

Nani aliigawanya sahani? Sababu ni nyingi. Katika kambi za wafanyakazi wa Kilo-Moto, posho ilipimwa kwa kichwa cha mutu. Katika internat za misioni, kila mutoto alipewa sahani yake ya bati. Usafi nao una haki yake, hatuwezi kuukataa. Lakini kilichokata zaidi ni vita iliyoanza Djugu mwaka 1999. Mwezi wa 5 mwaka 2003, maelfu ya watu wa Bunia walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, na kartie ziligawanyika kwa kabila. Tangu mwisho wa mwaka 2017 tena, watu wa Djugu wamejaa katika kambi za wakimbizi wa ndani kama Kigonze, ambako unga unapimwa kwa kilo na kila jamaa ina karatasi yake. Mutoto anayekulia pale atajifunza wapi kwamba mkubwa anaanza na mgeni anaonjeshwa?

Msomaji mwenye akili atajibu: sahani moja haizuii vita. Ni kweli. Wahema na Walendu walikula pamoja na kuoana kabla ya 1999. Waetiopia na Waeritrea wanakula injera ileile, na walipigana toka 1998 mpaka 2000. Vita ya Tigray, toka 2020 mpaka 2022, iliua watu wengi sana kati ya watu wa gursha. Tusidanganyane basi.

Lakini nani amesema desturi ni ukuta wa kuzuia risasi? Kazi yake ni nyingine. Baada ya vita watu wanahitaji mahali pa kuanzia ambapo hapahitaji hotuba wala mkutano, na pale Kabalagala watu wa inchi zilizopigana wanaendelea kuuza na kununua chakula kimoja. Bunia nayo ina restora zake ndogo za bugali, sombe na samaki ya Tchomia, ambamo mutu anakaa karibu na asiyemjua na kuomba pilipili.

Ombi letu kwa chama ni jepesi. Wazee wanaozijua sheria za sahani, kila kabila kwa lugha yake, wanapunguka kila mwaka. Twende tuwaulize, tuziandike, tuzilinganishe. Nadhani tutakuta zinafanana sana. Na siku ya matanga, wakati kila mutu anatafuta sahani yake ya plastiki, tuweke sinia moja katikati na kumwita jirani aliyekaa mbali. Mwenye nyumba aonje kwanza.