Taa Hizi Zilikuwa Wapi Miaka Yote?

Mwezi uliopita nilimfungia mzee wangu taa za LED za utepe kwenye gereji ya nyumbani. Gereji yenyewe haijawahi kulaza gari. Humo kuna meza ya useremala, mashine ya kunolea, makopo ya misumari na redio tatu zinazosubiri matengenezo. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa balbu moja tu, katikati ya dari, nyuma ya mgongo wake. Kila akiinama, kivuli chake mwenyewe kinafunika kile anachokikata. Ana kovu kwenye kidole gumba cha kushoto kwa sababu ya kivuli hicho.

Nilipowasha, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa hizi taa zilikuwa wapi miaka yote?"

Swali zuri. Hebu tulijibu.

Kwanza ujue kwamba mwanga wa LED si jambo la jana. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza, Henry Joseph Round, alipitisha umeme kwenye kipande cha silikoni kabidi, kitu kilekile kinachotumika kwenye msasa na mawe ya kunolea. Kikatoa mwanga. Akaandika taarifa fupi, ikaishia hapo. Miaka ya 1920, Oleg Losev wa Urusi, mtu wa redio, aliuona tena mwanga huo na kuuchunguza kwa makini. Wachache walimsikiliza. Alifariki mwaka 1942 kwa njaa, Leningrad ilipokuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Alikuwa na miaka 38.

Mwaka 1962, Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric, Marekani, akatengeneza LED ya mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Baadaye zikaja za manjano na kijani. Zilifaa kuonyesha kwamba redio imewaka, lakini huwezi kupiga randa kwa mwanga mwekundu, si ndiyo? Ili upate mweupe, unahitaji bluu. Na bluu iligoma kwa miaka 30 hivi.

Kwa nini? Ndani ya LED, elektroni hushuka ngazi ya nishati, na ile nishati inayopoteza ndiyo inayotoka kama mwanga. Ngazi fupi hutoa nyekundu. Ngazi ndefu hutoa bluu. Kitu chenye ngazi ndefu ya kufaa kilijulikana: galiamu naitraidi. Shida ilikuwa kuotesha fuwele zake zikiwa safi, na watafiti wengi walikata tamaa wakahamia vitu vingine.

Huko Japani kuna waliong'ang'ania. Mwaka 1986, Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, wa Chuo Kikuu cha Nagoya, walipata fuwele nzuri kwa kuiotesha juu ya yakuti samawi iliyotandazwa tabaka jembamba la alumini naitraidi. Shuji Nakamura, wa kampuni ya Nichia, alifuata njia yake mwenyewe, na mwaka 1993 kampuni hiyo ikatangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Na nyeupe je? Kumbe haipo! Zima utepe wako uutazame kwa karibu: kila kidoto ni cha manjano. Chini yake kuna LED ya bluu. Ule unga wa manjano hugeuza sehemu ya bluu kuwa manjano, na jicho likizipokea kwa pamoja linaona nyeupe. Nichia ilianza kuziuza hivyo mwaka 1996.

Historia hii ina kazi mezani kwako. Kwa kuwa weupe huo umeanzia kwenye bluu, tepe nyingi za bei rahisi zina upungufu wa nyekundu, na waya mwekundu unaweza kuuona kama wa kahawia. Tafuta yenye CRI ya 90 au zaidi. Pia kila LED nyeupe hutumia takriban volti 3, ndiyo maana kwenye utepe wa volti 12 zimepangwa tatutatu pamoja na kizuizi kimoja. Kata kwenye alama tu. Usiuunganishe moja kwa moja na umeme wa ukutani, tumia adapta yake. Ukizidi mita 5, peleka umeme ncha zote mbili, la sivyo mwisho utafifia. Na muhimu kuliko yote: ufunge mbele ya kichwa chako, juu ya meza, kivuli kianguke nyuma.

Nilipomaliza kumweleza mzee, alikuwa ameshafungua redio ya kwanza. Akaniambia kovu moja linamtosha.