Kinanda cha Babu, Redio ya Baba

Msikilizaji wangu wa kila wiki, nawe msomaji unayekutana na mazungumzo haya gazetini, leo naomba tuiweke kando bei ya sukari na foleni za magari. Nataka tuzungumze juu ya kinanda. Simaanishi kile kikubwa cha kanisani, wala hiki cha umeme kinachopigwa kwenye kumbi za harusi. Nazungumzia konsatina: kisanduku kidogo chenye pembe sita, kinachoshikwa kwa mikono miwili, kikavutwa na kusukumwa kama mvukuto wa mhunzi, huku vidole vikibonyeza vitufe vya pande zote mbili.

Babu yangu mzaa baba alikuwa nayo. Alirudi nayo Rungwe kutoka Johannesburg katika miaka ya 1950. Wazee wa nyanda za juu kusini hawahitaji kuelezwa maana ya Wenela. Kwa vijana, niseme tu kwamba ni jina lililotokana na herufi za kwanza za shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wanaume wa kusini mwa Tanganyika walikwenda huko kwa mikataba, kama walivyokwenda wenzao wa Nyasaland na Msumbiji. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali yetu ilikomesha uandikishaji huo. Waliorudi walirudi na mablanketi, kofia, masanduku ya bati, na wengine kifua kibovu. Babu alirudi na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, ikiwa imeviringishwa katika blanketi, konsatina ya vitufe ishirini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba chombo kile kilibuniwa na watu wa migodini. Nilipoanza kukichunguza ndipo nilipokuta jambo ambalo mtangazaji wa redio hawezi kulisoma bila kusita.

Konsatina ya Kiingereza ilibuniwa na Charles Wheatstone, mzaliwa wa mwaka 1802, kutoka ukoo wa watengenezaji na wauzaji wa vyombo vya muziki. Mwaka 1829 alipata hataza ya chombo kidogo cha kupuliza kwa mdomo, chenye vitufe, na humo humo akaeleza jinsi kinavyoweza kupata hewa kwa mivukuto badala ya mapafu. Mwaka 1844 alipata hataza nyingine ya konsatina yenyewe. Lakini Wheatstone hakuwa muuza vinanda tu. Mwaka 1834 alifanywa profesa katika King's College ya London, na mwaka 1837, akishirikiana na William Cooke, alipata hataza ya telegrafu, ile simu ya waya iliyopeleka habari mbali kwa nguvu ya umeme. Tena miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1827, alitumia neno maikrofoni kukiita kifaa chake cha kusikilizia sauti hafifu. Hakikuwa maikrofoni hii ya umeme niliyo nayo mbele ya mdomo wangu, lakini jina ni lile lile.

Basi fikirini. Mtu mmoja alitupa kinanda cha kupiga nyumbani, na mtu huyo huyo akawa miongoni mwa waliofungua njia ya habari kusafiri kwa umeme, njia iliyoishia kwenye redio. Na redio, kama nitakavyoeleza, ndiyo iliyokuja kukinyamazisha kinanda kile.

Kwanza tuone jinsi kinavyolia. Ndani ya konsatina mna vijilimi vya chuma au vya shaba, kila kimoja kimefungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Hewa ikisukumwa, kijilimi hutetemeka na kutoa sauti. Wachina walikuwa na chombo cha namna hiyo, sheng, karne nyingi kabla ya Wheatstone kuzaliwa. Katika konsatina ya Kiingereza kila kitufe hutoa sauti ile ile, uvute au usukume. Huko Ujerumani, katika mji wa Chemnitz, Carl Friedrich Uhlig alitengeneza yake mwaka 1834 kwa mpango mwingine: ukisukuma kitufe kinatoa sauti moja, ukivuta kitufe hicho hicho kinatoa nyingine, kama kinanda cha mdomo. Ya Kiingereza ilikuwa ghali, ikipigwa na mabwana na mabibi sebuleni. Ya Kijerumani ilitengenezwa kwa wingi na kuuzwa rahisi. Wakulima, vibarua na wasafiri wa bahari waliinunua, ikaenea mbali. Mafundi wa London nao hawakulala. Kuanzia miaka ya 1850 walitengeneza konsatina nzuri kwa mpango ule wa Kijerumani.

Hivyo ndivyo ilivyofika Afrika Kusini. Makaburu waliipenda wakaifanya moyo wa dansi zao. Wazulu nao waliichukua, na hawakukubali kuifuata ilivyotoka kiwandani. Waliifungua, wakahamisha na kupanga upya vijilimi, mpaka ikaimba kwa mpangilio wanaoutaka wao. Wasotho walioishi migodini waliitumia katika muziki wao, kabla ya kodiani kubwa kuchukua nafasi yake. Wengi wetu tuliiona konsatina kwa mara ya kwanza mikononi mwa hayati Johnny Clegg, aliyefariki mwaka 2019. Yeye alikuwa kijana wa Kizungu, na muziki wa Kizulu alijifunza kwa wafanyakazi wahamiaji wa Johannesburg wakati sheria za ubaguzi zikiwatenga watu wa rangi mbalimbali.

Babu naye alijifunza huko huko, kwenye kambi, baada ya zamu. Hakuwa mwanamuziki wa kulipwa. Alipiga jioni, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mvua ikiwa imekatika. Majirani walikuja, wengine wakiwa na pombe, wengine na njaa ya mazungumzo tu. Haya nasimuliwa na shangazi zangu, kwa sababu mimi nilizaliwa wakati mambo yamekwisha kubadilika.

Kilichobadilika ni kwamba baba alinunua redio. Ilikuwa katika miaka ya 1970. Shangazi anasema jioni ya kwanza watu walijaa uani kuliko siku yoyote ya konsatina. Babu mwenyewe alisogeza kigoda akasikiliza. Jioni ya pili, hivyo hivyo. Hakuna aliyemkataza kupiga. Ila mtu hawezi kushindana na bendi nzima kutoka Dar es Salaam yenye magitaa, tarumbeta na ngoma, hali yeye ana vitufe ishirini, tena viwili havitoi sauti. Kisanduku kikarudi katika sanduku la bati.

Yaliyotokea uani kwetu yalikuwa yamekwisha kutokea Uingereza miaka hamsini nyuma. Gramafoni zilipoenea, na redio ilipoanza kutangaza huko katika miaka ya 1920, familia nyingi ziliacha kujipigia muziki. Lachenal, kiwanda kikubwa cha konsatina cha London, kilifungwa katika miaka ya 1930. Kampuni iliyobeba jina la Wheatstone iliendelea kwa taabu, na katika miaka ya 1950 moja ya masoko yake makubwa lilikuwa Afrika Kusini. Wakati babu anaisikia konsatina kambini, nchi iliyoibuni ilikuwa imekwisha kuisahau kwa kiasi kikubwa.

Je, niseme redio ni mhalifu? Ningekuwa naukata mti ninaoukalia. Tena historia yenyewe haitoi hukumu rahisi hivyo.

Tarehe 26 Desemba mwaka 1899, katika kijiji cha Headington karibu na Oxford, wachezaji wa ngoma ya kienyeji iitwayo morris walitoka kucheza nje ya msimu wao. Baridi kali ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, na walihitaji senti. Mpiga konsatina wao alikuwa mwashi mmoja, William Kimber, aliyerithi ngoma hizo kwa baba yake. Mwalimu wa muziki, Cecil Sharp, alikuwa mgeni katika nyumba waliyopita. Alisikia, akamwomba Kimber arudi kesho yake, akayaandika yale aliyoyapiga. Kuanzia hapo Sharp akawa mkusanyaji mkubwa wa nyimbo na ngoma za wakulima wa nchi yake.

Sasa twendeni Ireland, jimbo la Clare, ambako konsatina ilikuwa sana chombo cha wanawake, ikipigwa jikoni watu wakicheza. Mwaka 1935 ilitungwa sheria iliyotaka dansi za hadhara ziwe na kibali cha mahakama, na mapadri na polisi wakaitumia pia kuzibana dansi za majumbani. Muziki wa jikoni ukapungua. Lakini katika miaka ya 1950 mtangazaji wa Radio Éireann, Ciarán Mac Mathúna, alizunguka vijijini na gari la kurekodia sauti. Katika mji wa Kilrush alimrekodi mama mmoja mwenye baa, Elizabeth Crotty, aliyezaliwa mwaka 1885. Mama yule aliyekuwa akipiga kwa wateja wake akasikika nchi nzima, na vijana wakataka kujua anafanyaje. Alifariki mwaka 1960. Leo Clare ina wapiga konsatina wengi, wakubwa kwa wadogo.

Kwa hiyo redio iliyonyamazisha jikoni ndiyo pia iliyokwenda jikoni kusikiliza. Tofauti ilikuwa mtu mmoja aliyeamua kubeba kinasa sauti na kwenda kugonga mlango.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapofika pangu pabaya.

Mwaka 2002 nilikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari. Nilikwenda nyumbani likizo na kinasa sauti cha kuazima, na kaseti tatu. Nilimhoji babu kwa saa mbili juu ya Wenela: safari, vyakula, ajali za chini ya ardhi. Ilikuwa kazi ya darasani na ilipata alama nzuri. Tulipomaliza aliniambia, "Mjukuu wangu, lete lile sanduku nikupigie kidogo." Nikalileta. Mivukuto ilikuwa imeoza kwa unyevu wa kwetu, ngozi imefanya ukungu, hewa inavuja kila kona. Alivuta, ikakohoa. Akajaribu tena, zikatoka sauti chache za wimbo mmoja. Mimi nikatazama kaseti, nikaona imebaki kidogo, nikamwambia, "Babu, acha tuitengeneze kwanza. Likizo ijayo nitakurekodi vizuri." Akasema sawa. Likizo iliyofuata nilimkuta kaburini.

Ninayo ile kaseti ya saa mbili. Muziki ndani yake hamna hata dakika moja.

Sanduku nililichukua, likakaa chini ya kitanda changu Dar es Salaam miaka mingi. Miaka michache iliyopita nililitoa. Fundi viatu wa mtaani kwetu alinibandikia ngozi mpya kwenye mikunjo, akishangaa ni kiatu cha namna gani hiki. Vijilimi nilivishughulikia mwenyewe kwa tupa ndogo ya sonara: ukikwangua kidogo kwenye ncha, sauti inapanda, ukikwangua kwenye shina, inashuka, ukizidisha, umekiua. Kimoja nilikiua.

Kisha nikaanza kujifunza, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, bila mwalimu. Ugumu wake ni kwamba mkono lazima ujue unavuta au unasukuma, kwa kuwa kitufe ni kimoja na sauti ni mbili. Nafanya mazoezi dakika ishirini kila usiku. Mwezi wa kwanza mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, huyo paka utamwachia lini?" Mwezi wa tatu aliacha kuuliza. Mwezi wa sita nilimsikia jikoni akiimba mluzi wa kitu nilichokuwa nikikirudia, na sikumwambia kwamba nimesikia.

Wimbo ule wa babu ninao nusu. Zile sauti chache alizozitoa siku ile zimenikaa kichwani, na shangazi mkubwa amenisaidia kuongeza nyingine. Baada ya hapo panakuwa kimya. Yeye hakumbuki, nami sikurekodi. Wenzangu wananishauri nibuni mwisho wangu. Huenda siku moja nitabuni, ila nitasema wazi kwamba ni wangu.

Kwa hiyo sina wosia mkubwa leo. Simwambii mtu azime redio. Nani atanisikiliza basi? Nasema tu kwamba katika nyumba zetu bado wapo wazee wenye zeze, marimba, gitaa la nyuzi tatu, au kodiani iliyopigwa enzi za taarabu ya mtaani. Simu mliyo nayo mfukoni inarekodi kuliko kile kinasa sauti changu, na haiishiwi kaseti. Chombo kikivuja, rekodini kikivuja hivyo hivyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.